Mafundi wa Mlango wa Kizazi

Ukitoka mjini Thika ukashika barabara ya Garissa, ukiyapita mashamba ya mananasi, unaingia nchi kavu inayotazamana na Kilimambogo. Upande huo ndiko iliko Ngoliba, wadi ya mashariki mwa Kaunti ya Kiambu. Ina kituo chake cha afya, na kama ilivyo katika vituo vya aina hiyo kote nchini, sehemu kubwa ya kazi iko mikononi mwa wauguzi. Ipo kazi moja kati ya hizo ambayo nataka kuisifu hapa bila haraka. Ni kazi ya kuujua mlango wa kizazi: kuutazama, kuupapasa, kuusoma, na kutoka hapo kuamua mama huyu arudi nyumbani, alazwe, au apandishwe gari kwenda Thika.

Tunawasifu mafundi ambao kazi yao tunaiona. Seremala tunaona mlango wake, mshonaji tunaona kanzu yake. Muuguzi huyu hufanya kazi mahali ambapo mwenye mwili hajawahi kupaona, na akiifanya vizuri hakuna kinachobaki cha kuonyesha. Mtoto huzaliwa, saratani haitokei, maisha yanaendelea. Ndiyo maana sifa zake hazisikiki, na ndiyo maana inafaa tuanze na kiungo chenyewe, kwa kuwa ukubwa wa fundi hupimwa kwa ugumu wa kazi yake.

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mji wa mimba, ile inayokuwa nyembamba na kuishia ukeni. Kwa mwanamke mzima asiye na mimba una urefu wa sentimita 3 hadi 4 hivi. Sehemu yake ya juu imejificha nyuma ya kibofu cha mkojo. Sehemu ya chini imechomoza ndani ya uke, na hiyo ndiyo inayoonekana mtu akitazama. Katikati yake kuna tundu dogo. Kwa mwanamke ambaye hajazaa kwa njia ya kawaida tundu hilo ni la mviringo. Kwa aliyezaa ni ufa uliolala. Muuguzi mzoefu akiliona, anajua historia kabla hajafungua kadi.

Mtu angedhani kinachoushikilia mlango huu ni misuli, kama ilivyo katika sehemu nyingine za mwili zinazofunga na kufungua. Sivyo. Mwili wa kizazi ndio wenye misuli mingi, ile inayokaza wakati wa uchungu. Mlango wenyewe umejengwa zaidi kwa nyuzi za kolajeni zilizosukwa pamoja, na misuli ni sehemu ndogo tu. Kwa hiyo haufungwi kwa kukazwa. Hufungwa kwa namna ulivyojengwa. Kwa miezi tisa nyuzi hizo hubeba uzito wa mtoto, maji na kondo. Kisha, saa yake ikikaribia, mwili wenyewe huanza kuzilegeza: maji huongezeka kati ya nyuzi, zilizokuwa zimeshikamana huachana, na kilichokuwa kigumu huwa laini kabisa. Wakunga hufundishwa kuupima mlango kwa kuulinganisha na uso wao wenyewe. Mlango usio na mimba ukiguswa ni mgumu kama ncha ya pua. Wenye mimba hulainika kama midomo.

Ndani ya tundu kuna mfereji mfupi, mpana kidogo katikati na mwembamba kwenye ncha zake mbili. Kuta zake zina mikunjo na vijishimo vingi vinavyotoa ute. Ute huo hubadilika kufuatana na siku za mwezi. Yai likikaribia kutoka, huwa mwepesi, wa majimaji, unaovutika kwa sentimita kadhaa bila kukatika. Ukikaushwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini, huonyesha maumbo ya matawi. Yai likishatoka, homoni ya projesteroni huufanya mzito, na mbegu za mwanamume hazipiti kwa urahisi. Mimba ikiingia, ute hujikusanya na kuziba mfereji wote, ukizuia vijidudu visipande kwa mtoto. Kizibo hicho ndicho kinachotoka kikiwa na damu kidogo uchungu unapokaribia, na akina mama wanakijua kuwa ni dalili.

Kwa hiyo kiungo hiki kinapokea na kukataa, kinabeba na kuachilia, na kila jambo kwa wakati wake. Anayekihudumia inambidi ajue ni wakati gani. Ufundi wote ninaousifu unarudi hapo.

Tuanze na ufundi wa macho.

Upande wa nje wa mlango umefunikwa kwa utando wa matabaka mengi ya seli, mgumu kiasi, wa rangi ya waridi. Upande wa ndani, kwenye mfereji, utando una tabaka moja tu la seli ndefu. Mishipa ya damu iko karibu sana, kwa hiyo utando huo huonekana mwekundu. Pale tando hizi mbili zinapokutana pana mpaka, na mpaka huo hautulii. Msichana akibalehe, utando mwekundu husogea nje. Miaka inavyokwenda, seli zilizotoka nje hubadilika kidogo kidogo kuwa za aina ngumu, na mpaka hurudi ndani. Mwanamke akikoma hedhi, mara nyingi mpaka huwa umeingia ndani ya mfereji na hauonekani tena. Eneo hilo la mabadiliko ndilo virusi vya HPV hulipenda, na karibu saratani zote za mlango wa kizazi huanzia hapo. Kumtafuta adui huyu ni kuutafuta mpaka kwanza.

Sasa mtazame muuguzi anavyofanya kazi. Chumba ni kidogo: kitanda, taa, meza yenye pamba, glavu, na kichupa cha siki iliyopimwa, yaani asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5. Kabla ya yote, muuguzi huzungumza. Humweleza mama atakachofanya na kwa nini, humwonyesha kile chombo cha kupanulia uke, spekulamu, akiguse akitaka. Humwomba akakojoe kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa humletea mama maumivu na humfichia muuguzi njia. Mwingine ataona hayo ni adabu tu. Ni sehemu ya ufundi wenyewe: mama mwenye hofu hukaza mapaja na misuli ya nyonga, na chombo hakipiti bila kuumiza.

"Sista, nitaumia?"

"Utahisi kama unabanwa kidogo, mama. Ukiumia niambie, nitasimama. Sasa legeza magoti, vuta pumzi."

Chombo hupashwa kwa maji ya uvuguvugu. Huingizwa polepole, kikielekezwa chini na nyuma, kwa maana njia ya uke haiendi moja kwa moja kama wanaoanza wanavyodhani. Kwa wanawake wengi kizazi kimeinamia mbele, basi mlango hutazama nyuma. Kwa wengine kizazi kimelalia nyuma, na mlango hutazama mbele. Mgeni wa kazi hii hufungua chombo, asione kitu ila kuta za uke, akaanza kukizungusha huku na huku. Mzoefu hukirudisha kidogo, hukibadilisha mwelekeo, au humwomba mama aweke ngumi zake chini ya makalio, na mlango huja wenyewe kati ya meno mawili ya chombo.

Huutazama kwanza kabla hajaupaka kitu. Je, kuna usaha? Kuna uvimbe, kidonda, damu inayotoka kwa kuguswa tu? Utando mwekundu uliotokeza nje kwa msichana, kwa mjamzito au kwa anayetumia vidonge vya kupanga uzazi humtisha asiyejua, akadhani ni kidonda. Fundi anajua ni maumbile. Huona pia vijivimbe vidogo vya mviringo, vyeupe au vya manjano, vinavyong'aa. Hivyo ni vijishimo vya ute vilivyofunikwa na utando mpya. Havina madhara, na kwake ni ushahidi: mpaka wa zamani ulifika hapa.

Kisha hupaka siki kwa pamba na kungoja dakika nzima.

Dakika hiyo ndiyo naiheshimu kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi. Nje kuna foleni, kuna watoto wa kuchanjwa, kuna mjamzito wa kliniki. Siki haijali foleni. Huingia katika seli polepole na kuzigandisha protini zake kwa muda. Palipo na seli zilizoharibika, zenye viini vikubwa vilivyosongamana, panaanza kuwa peupe. Anayetazama baada ya sekunde kumi haoni kitu na humwambia mama yuko salama. Anayengoja huona. Tena si kila weupe ni ugonjwa. Weupe hafifu, usio na kingo, unaopotea haraka, mara nyingi ni wa seli zinazobadilika kwa kawaida au za uvimbe wa maambukizi. Weupe mzito, wenye kingo zinazoonekana wazi, uliogusana na ule mpaka, ndio wa kushughulikiwa. Tofauti hiyo hufundishwa kwa picha, lakini hukaa kichwani kwa kuona mamia ya milango, mmoja baada ya mwingine, huku ukisahihishwa na aliyekutangulia.

Njia ya pili hutumia iodini, na mzizi wake uko Vienna, ambako daktari Walter Schiller aliieleza karibu miaka mia moja iliyopita. Seli nzima za nje zina glikojeni nyingi, hunywa iodini na kuwa kahawia iliyokolea. Zilizoharibika hazina, hubaki za manjano. Katika vituo vingi vya Kenya njia hizi mbili zimetumika kwa kufuatana, kwa sababu hazihitaji maabara na jibu hupatikana mama akiwa bado kitandani.

Jibu la papo hapo lina thamani kwa mtu wa Ngoliba kuliko kwa mtu wa mjini. Kumwambia mama arudi baada ya wiki tatu kuchukua majibu ni kumwomba nauli ya pili na siku ya pili ya kazi. Eneo lililoharibika likiwa dogo, lisiloingia mfereji na linaloonekana lote, linaweza kutibiwa kwa kifaa kinachopashwa hadi nyuzi 100 na kushikiliwa hapo kwa sekunde 20 hadi 30. Sehemu ya nje ya mlango haina hisia kali za mchomo, hivyo wengi huvumilia bila sindano ya ganzi. Eneo likiwa kubwa, au likiwa limepotelea ndani, mama hupelekwa mbele. Kujua la kutibu na la kupeleka ni ufundi vilevile, na muuguzi anayekiri kwamba hili si la kituo chake anaokoa maisha sawa na anayetibu.

Uzito wa jambo hili si mdogo. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani hii nchini Kenya kuwa 5,236 na waliokufa kuwa 3,211. Hakuna saratani nyingine iliyokadiriwa kuua wanawake wengi zaidi nchini mwaka huo. Na huu ni ugonjwa wa mwendo wa pole: kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, tangu maambukizi hadi saratani huchukua mara nyingi miaka 15 hadi 20; kwa anayeishi na virusi vya ukimwi bila matibabu, miaka 5 hadi 10. Nafasi ya kuushika ipo, tena si mara moja. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 wa miaka 30 hadi 49, ni kama 16 tu waliowahi kupimwa.

Sasa tuuendee ufundi wa vidole.

Katika leba hakuna kutazama. Muuguzi huvaa glavu, huingiza vidole viwili, na kusoma gizani. Mama huita kupimwa njia, na swali la kila aliye nje ni moja: "Njia imefunguka ngapi?" Wenye mama husubiri namba, lakini vidole vile vinaleta habari nyingi kuliko namba. Mlango uko nyuma bado, au umeshasogea katikati? Ni mgumu au umelainika? Urefu wake umebaki, au umeyeyuka hadi kuwa ukingo mwembamba kama karatasi? Chupa ya maji ingalipo? Kichwa kimeshuka kiasi gani, na mishono ya fuvu la mtoto imeelekea wapi? Yote hayo hupatikana kati ya uchungu mmoja na mwingine, kwa muda mfupi, na bila kurudiarudia, kwa kuwa kila kupima ni maumivu kwa mama na mlango wa vijidudu kwa mtoto.

Hakuna rula ndani ya mwili. Sentimita anazozitaja muuguzi amezijenga vidoleni mwake kwa mazoezi: kidole kimoja kikipita kwa kubanwa ni namba fulani, viwili vikiachana kiasi hiki ni namba nyingine, na ukingo usipopapasika pande zote, njia imekamilika, sentimita 10. Wauguzi wawili wazoefu wakimpima mama mmoja hutaja namba zinazokaribiana sana. Makubaliano hayo kati ya mikono ya watu tofauti ni moja ya mambo yanayonistaajabisha.

Kuna hali moja inayopambanua fundi na mwanafunzi. Mama amefika sentimita 8 au 9, anasikia hamu kubwa ya kusukuma, na ukingo wa mbele wa mlango umebaki umebanwa kati ya kichwa cha mtoto na mfupa. Akisukuma sasa, ukingo utavimba na njia itakwama. Mwanafunzi hushangilia pamoja na mama. Fundi humshika mkono: "Bado, mama. Usisukume. Pumua kwa mdomo, hivi. Lala ubavu." Huenda ikapita nusu saa. Sauti yake ndiyo inayoulinda mlango wakati huo, wala hana kifaa kingine.

Namba hizo huandikwa kwenye chati, na chati hiyo ina asili ya Afrika. Mwaka 1972 R. H. Philpott na W. M. Castle, wakifanya kazi katika mji ambao leo ni Harare, walichapisha mchoro wa leba wenye mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua. Walikuwa wakiwafikiria wakunga wa vituo vya mbali: mtu aliye peke yake usiku ajue kwa kutazama karatasi tu kwamba leba hii inachelewa, na kwamba safari ya kwenda hospitali kubwa ianze sasa, si asubuhi. Shirika la Afya Duniani liliieneza chati hiyo duniani kote. Miongozo yake ya mwaka 2018 ilirekebisha mambo: leba kamili huhesabiwa kuanzia sentimita 5, na mama asiyefunguka sentimita moja kila saa si lazima awe na tatizo. Sayansi ikakubali kwamba milango haifunguki kwa mwendo mmoja, nayo ikatoka kwenye haraka ikaelekea kwenye subira.

Na kuna wakati mlango wenyewe hauna subira. Baadhi ya wanawake hupoteza mimba mwezi wa nne, wa tano, wa sita, bila uchungu wa maana, kwa sababu nyuzi zimelegea mapema mno. Kwao kuna uzi. Mwaka 1955 daktari V. N. Shirodkar wa Bombay, ng'ambo ya bahari hii yetu, alieleza namna ya kuushona mlango uendelee kufungika; miaka miwili baadaye Ian McDonald wa Australia akaja na mshono mwepesi zaidi. Sindano huuzunguka mlango, ikiingia na kutoka ndani ya nyama bila kuufikia mfereji, kisha uzi hukazwa na kufungwa fundo linaloachwa na mkia ili lipatikane siku ya kulikata, kwenye wiki ya 36 au 37. Kufunga ni kwa wiki nyingi. Kukata ni kwa dakika chache. Anayeshona inambidi amfikirie atakayekata.

Thika yenyewe imeongeza jambo katika ufundi huu, na wakazi wengi hawajui. Kati ya vituo vitatu vya utafiti wa KEN SHE, pamoja na Nairobi na Kisumu, kimoja kilikuwa Thika. Wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walijitolea kujibu swali moja: je, dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha? Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Profesa Nelly Mugo wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba baada ya miezi 18 dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya HPV 16 na 18, aina zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi, kwa asilimia 97.5. Mwisho wa mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likasema dozi moja inaweza kutumika. Kenya ilikuwa imeanza kuwachanja wasichana wa miaka 10 Oktoba 2019, kwa dozi mbili. Mama yeyote duniani ambaye binti yake atachomwa sindano moja badala ya mbili ana deni kwa wasichana wale, na baadhi yao walikuwa wa Thika na vitongoji vyake.

Chanjo haimwondoi muuguzi kazini. Wanawake wa miaka 30 na 40 wa leo hawakuipata, na leba zitaendelea kuwepo maadamu watu wanazaana. Kwa hiyo nasema wazi ninachoamini. Ufundi huu ni mkubwa sawa na wowote tunaoupigia makofi, na unastahili malipo ya fundi: taa isiyozimika katikati ya uchunguzi, siki iliyopimwa vizuri, glavu za kutosha, gari linalokuja likiitwa, na muuguzi wa pili ili yule wa kwanza aweze kungoja dakika yake moja bila kugongewa mlango. Kwa upande wa akina mama, malipo ni kufika. Mwenye miaka 25 hadi 49 asiyewahi kupimwa aende kituo kilicho karibu naye, aulize maswali yote, aombe kuelezwa kinachoonekana. Fundi hukuza ujuzi wake kwa kazi anayoletewa, na kila mwanamke anayepanda kitanda kile anampa muuguzi jicho kali zaidi kwa ajili ya anayefuata kwenye foleni.